Kijenzi Kimoja Kimoja: Uundaji na Ukaguzi wa Violesura vya Wavuti na Funzo Lake kwa Kiswahili cha Uvira

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza mbinu ya uundaji wa kurasa za wavuti iliyoenea tangu katikati ya miaka ya 2010, nayo ni ile ya kuunda na kukagua vijenzi vya kiolesura kimoja kimoja, nje ya programu ambamo vitatumika. Kwa neno kiolesura inakusudiwa hapa ile sehemu ya programu ambayo mtumiaji anaiona na ambayo kwayo huipa programu amri: vitufe, visanduku vya kujazia, orodha za kuchagulia, majedwali, kalenda na matangazo ya makosa. Kila kimojawapo cha vitu hivyo ni kijenzi. Mbinu yenyewe ni ya wahandisi wa kompyuta. Hata hivyo, karibu kila kijenzi hubeba neno, na neno lililotengwa na muktadha wake ni suala la isimu kabla ya kuwa suala la uhandisi.

Ili maelezo yasibaki katika nadharia tupu, mifano mingi imefungamanishwa na Uvira, mji ulio kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika Jimbo la Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo unatazamana na Bujumbura ng'ambo ya ziwa, na bandari yake ya Kalundu huuunganisha na Kigoma. Majumbani husikika Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kirundi na lugha nyinginezo. Sokoni, bandarini na kwenye vituo vya afya lugha ya wote ni Kiswahili. Lakini lugha ya fomu ni Kifaransa. Muuguzi humsikiliza mgonjwa kwa lugha moja na kumwandika kwa lugha nyingine. Mwanya huo kati ya lugha ya mdomo na lugha ya kisanduku ndio unaoupa mjadala huu uzito wake.

2.0 Asili ya mbinu

Hapo awali ukurasa wa wavuti ulitungwa kama hati moja, na aliyetaka kubadili kitufe kimoja alilazimika kuufungua ukurasa mzima. Mambo yalianza kugeuka mwaka 2013. Katika mwaka huo kampuni ya Facebook ilitoa hadharani maktaba ya React, ambayo huuchukulia ukurasa kuwa mkusanyiko wa vijenzi vilivyopachikwa ndani ya vijenzi vingine. Mwaka huohuo mbunifu Mmarekani Brad Frost alieleza nadharia yake ya kuugawa ukurasa kama mwanakemia anavyoigawa maada: kutoka atomi hadi molekuli, na kutoka molekuli hadi viumbe vikubwa zaidi. Mwaka 2016 ilitolewa zana iitwayo Storybook, iliyoanzia Sri Lanka, ikiwa ni karakana ambamo kila kijenzi huwekwa mezani peke yake na kutazamwa. Mwaka uliofuata zana hiyo ilichukuliwa na jumuiya ya watengenezaji wa kujitolea, nayo imeendelea kukua hadi leo.

Kwa msomaji aliyezoea isimu, mbinu hii si ngeni sana. Mtafiti anayeeleza kitenzi hangoji mpaka akutane na kila umbo lake katika mazungumzo, bali hukitoa nje ya sentensi na kukinyambua: hali ya kutenda, kutendwa, kutendea, kutendeana, yakinishi na kanushi. Jedwali la mnyambuliko huonyesha katika ukurasa mmoja maumbo ambayo huenda yasikutane katika mazungumzo ya mwaka mzima. Karakana ya vijenzi hufanya kazi hiyohiyo. Shina ni kijenzi, na maumbo ni hali zake.

3.0 Utaratibu wa kazi

Kila kijenzi huandikiwa faili mbili. Ya kwanza ina msimbo wa kijenzi chenyewe. Ya pili ina kile ambacho watumiaji wa Storybook hukiita hadithi. Hadithi moja ni maelezo mafupi ya kijenzi kikiwa katika hali moja mahususi, pamoja na thamani zote kinazohitaji ili kifikie hali hiyo. Kitufe cha kuhifadhi, kwa mfano, kinaweza kuwa na hadithi zifuatazo:

(1) a. kitufe cha kawaida;
b. kitufe kikuu cha ukurasa;
c. kitufe cha tendo la hatari, kama vile kufuta;
d. kitufe kilichozuiwa kwa muda;
e. kitufe kinachongoja jibu la seva;
f. kitufe chenye maandishi marefu kuliko nafasi yake.

Karakana huzisoma faili hizo na kuorodhesha hadithi zote kando ya kivinjari. Mkaguzi akichagua mojawapo, kijenzi huonekana ndani ya fremu iliyotengwa. Hakuna seva inayoitwa, hakuna hifadhidata inayofunguliwa, wala haihitajiki kuingia kwa nywila. Thamani zote ni za kubuni na zimeandikwa ndani ya hadithi. Mkaguzi anaweza kuzibadili thamani hizo papo hapo, kuupunguza upana wa fremu mpaka ufanane na ule wa simu ndogo, kugeuza lugha, na kupima kama rangi ya maandishi inatofautiana vya kutosha na rangi ya mandharinyuma. Kipimo kinachokubaliwa kimataifa kwa maandishi ya kawaida ni uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na umuhimu wake huonekana mara simu inaposomwa kwenye jua la ufukweni.

Faida za utaratibu huu ni tatu. Kwanza, hali adimu huonekana kwa urahisi. Katika programu nzima, ili tangazo la kukatika kwa mtandao lionekane, ni lazima mtandao ukatwe kwa makusudi. Katika karakana, tangazo hilo ni hadithi kama nyingine. Pili, kijenzi kikibadilishwa, hadithi zake zote zinaweza kupigwa picha na kompyuta na kulinganishwa na picha za zamani, hata kosa dogo likagundulika kabla ya kumfikia mtumiaji. Tatu, mtu asiyejua kuandika programu anaweza kushiriki katika ukaguzi, kwa sababu anachohitaji ni kivinjari tu. Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapopata kiti chake. Aidha, kwa kuwa data ni za kubuni, hakuna jina la mgonjwa linalolazimika kutoka katika rejesta ya zahanati ili mtu wa mbali akague fomu.

4.0 Kisanduku cha idadi ya wagonjwa

Mfano ulio karibu na mazingira ya Uvira ni mfumo wa taarifa za afya uitwao DHIS2. Mizizi yake iko katika mradi ulioanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na toleo lake la wavuti liliendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo katika miaka ya 2000. Mfumo huo unatumika katika nchi nyingi, zikiwamo Kongo, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Vijenzi vya kiolesura chake vimekusanywa katika maktaba moja iliyo wazi kwa wote, nayo imeundwa na kuonyeshwa kwa utaratibu wa hadithi ulioelezwa hapo juu. Kisanduku cha kujazia, kwa mfano, kina hali ya kawaida, hali ya thamani halali, hali ya onyo, hali ya kosa, hali ya kungoja, hali ya kuzuiwa na hali ya kusomwa tu.

Inaweza kuulizwa kwa nini kisanduku kimoja kihitaji hali nyingi namna hiyo. Jibu linapatikana katika historia ya kipindupindu. Ugonjwa huo umejikita katika miji ya kando ya maziwa ya mashariki ya Kongo, na Uvira ni mmojawapo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliolinganisha, kwa miaka ya 2009 hadi 2014, idadi ya watu waliolazwa kila siku katika kituo cha tiba ya kipindupindu cha mji huo na kiasi cha maji kilichosukumwa kila siku na mtambo wa maji ya bomba. Ilibainika kwamba siku isiyo na maji ilifuatwa, katika siku 12 zilizofuata, na ongezeko la 155% la visa vilivyoshukiwa kuwa vya kipindupindu, kwa kulinganisha na siku ambayo mtambo ulitoa maji kwa kiwango kizuri. Hoja ya kuzingatia hapa ni kwamba matokeo kama hayo hayapatikani pasipo idadi ya kila siku kuandikwa bila mapengo.

Sasa tuchukue siku ambayo hakulazwa mtu. Mwandishi wa takwimu ana njia mbili: aandike 0, au akiache kisanduku kitupu. Kwake yeye njia zote mbili zaweza kuwa na maana moja. Kwa mchunguzi aliye mbali, sifuri ni habari njema, ilhali kisanduku kitupu chaweza kumaanisha kwamba mwandishi hakufika kazini, kwamba mtandao ulikatika, au kwamba fomu ilipotea. Jambo hilo lina uzito zaidi kwa kuwa DHIS2, kwa kawaida yake, haihifadhi thamani ya sifuri isipokuwa kipengele husika kimewekewa idhini ya kufanya hivyo. Mwandishi makini aliyejaza sifuri kwa uangalifu anaweza kutoka katika hifadhidata akifanana na mwenzake ambaye hakujaza kitu.

Kasoro ya aina hii haionekani kirahisi katika fomu nzima yenye visanduku vingi. Huonekana mara moja kisanduku kikiwekwa peke yake na kuandikiwa hadithi hizi kwa mfuatano: kitupu, chenye 0 ambayo haijahifadhiwa, chenye 0 iliyohifadhiwa, chenye 0 iliyokataliwa, na chenye thamani inayongoja mtandao urudi. Timu ikizitazama hadithi hizo ubavu kwa ubavu na kukuta mbili kati yake zinafanana, basi imegundua kwamba mtumiaji naye hataweza kuzitofautisha. Swali la msimamizi halitakuwa tena kama kisanduku kinapendeza, bali kama kinasema kweli.

5.0 Vijenzi na sarufi ya Kiswahili

5.1 Neno lisilo na jirani

Kazi ya kutafsiri violesura kwa Kiswahili ina historia yake. Mwaka 2004 mradi uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyojulikana kama Jambo OpenOffice. Katika kazi za aina hiyo mfasiri hupewa orodha ndefu ya maneno na sentensi, aghalabu bila kuona mahali yatakapokaa. Ugumu wake unadhihirika kwa neno moja la Kifaransa linalopatikana katika fomu nyingi, "enregistrer". Likiwa juu ya kitufe cha chini ya fomu, maana yake ni "hifadhi". Likiwa juu ya kitufe cha kumpokea mgonjwa mpya, maana yake ni "andikisha". Likiwa karibu na alama ya kipaza sauti, maana yake ni "rekodi". Mwenye orodha peke yake hubahatisha, ilhali mwenye hadithi tatu mbele yake huona.

5.2 Upatanisho

Tatizo kubwa zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Mhandisi aliyezoea Kiingereza huunda kijenzi kimoja cha muhtasari chenye nafasi tatu: jina, idadi na neno la sifa. Kisha hutarajia mfasiri alete neno moja tu kwa kila nafasi. Linganisha:

(2) a. mgonjwa mmoja mpya, wagonjwa wawili wapya
b. kifo kimoja kipya, vifo viwili vipya
c. jina moja jipya, majina mawili mapya
d. taarifa moja mpya, taarifa mbili mpya

Shina la sifa ni -pya, lakini mfasiri hawezi kuandika shina juu ya kioo. Kanuni za kimataifa za wingi katika kompyuta hazitoshi kumwokoa, kwa kuwa kwa Kiswahili hutofautisha umoja na wingi tu na hazijui ngeli. Tena, mfano ukichaguliwa vibaya huficha kosa. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki kwa ngeli; kwa hiyo hadithi yenye wagonjwa saba na vifo saba itaonekana salama, hali kijenzi ni kibovu. Hadithi za kukagulia Kiswahili hazina budi kutumia mbili, tatu au tano, na nomino za ngeli zisizopungua tatu. Tiba yenyewe ni kumpa mfasiri sentensi nzima kwa kila nomino, badala ya kuziunga sentensi kutokana na vipande.

Huko Uvira suala hili lina sura ya pili. Katika aina mbalimbali za Kiswahili cha Kongo, upatanisho wa nomino zisizo za viumbe umepungua, na umbo kama "mwezi ya kwanza" ni la kawaida katika mazungumzo. Hivyo basi, kosa ambalo msomaji wa Kigoma hulishtukia, la Uvira laweza kupita bila kuonekana. Na umbo sanifu linaloonekana sahihi Dar es Salaam laweza kusikika Uvira kama lugha ya kitabu. Hakuna karakana inayoweza kuamua ni Kiswahili kipi kiandikwe. Inachoweza kufanya ni kuziweka aina mbili kando kwa kando, ili uamuzi ufanywe na watu kwa macho wazi, badala ya kufanywa na orodha ya maneno bila mtu kujua.

5.3 Majina, namba, siku na saa

Vipengele vidogo vinavyodharauliwa ndivyo vinavyozaa makosa makubwa. Raia wengi wa Kongo huandikwa kwa sehemu tatu za jina, kwa desturi iliyotokana na sera ya uhalisi ya miaka ya 1970. Fomu yenye visanduku viwili vya jina, iliyobuniwa kwingine, humlazimisha mwandishi kuacha sehemu moja au kuziunganisha mbili, na mtu mmoja akaonekana kuwa wawili katika rejesta.

Kuhusu namba, hazina ya kimataifa ya kanuni za lugha iitwayo CLDR hukitenga Kiswahili cha Kongo kwa alama ya sw-CD, na humo desimali hutengwa kwa mkato, kama katika Kifaransa, na si kwa nukta. Maandishi 1.250 ni elfu moja mia mbili na hamsini kwa mmoja, na moja na robo kwa mwingine. Mpima maji anayetafuta klorini ya miligramu 0,5 kwa lita anapaswa kuhakikishiwa kwamba kisanduku hakitaimeza alama ya mkato na kuacha 05. Hadithi tatu zinatosha kulijaribu jambo hilo: 0,5, 0.5, na 5.

Siku nazo zina mashaka yake. Kwa hesabu iliyomo ndani ya majina sanifu, Jumamosi ni siku ya kwanza na Jumatatu ni ya tatu. Katika Kiswahili cha Kongo mara nyingi siku ya kwanza ni Jumatatu yenyewe. Juma la taarifa za magonjwa nalo kwa kawaida huanza Jumatatu. Kalenda iliyofupisha majina ya siku kwa tarakimu bila maelezo inamwachia msomaji kuchagua kati ya mapokeo mawili, na taarifa ya juma moja ikaangukia katika juma jingine.

Saa inahitaji hadithi zake pia. Uvira na Bujumbura hufuata saa iliyotangulia ile ya dunia kwa saa mbili, na Kigoma kwa saa tatu. Juu ya hayo, saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni 8:00 kwa saa ya ofisi. Tangazo la meli linaloandika "2:00" tu, bila kutaja mji wala wakati wa siku, laweza kusomwa kwa njia nyingi, na abiria aliyeko Kalundu ndiye atakayebaki gatini.

6.0 Mipaka ya mbinu

Haifai kudhani kwamba karakana hukomesha kila kasoro. Kijenzi kilicho kizima kikiwa peke yake chaweza kugombana na jirani yake ukurasani, kama vile maneno mawili yaliyo sahihi yanavyoweza kuunda sentensi isiyo na maana. Kwa sababu hiyo hadithi za kijenzi kimoja hufuatwa na hadithi za makundi ya vijenzi, kisha za kurasa nzima, na mwisho majaribio ndani ya programu yenyewe, pamoja na mtandao wake wa polepole na umeme wake wa kukatika.

Pili, hadithi huzeeka. Kijenzi kikibadilishwa na hadithi zake zikiachwa, mkaguzi hutazama kitu ambacho hakipo tena. Tatu, data za kubuni huelekea kuwa nzuri mno: majina mafupi, namba ndogo, sentensi zinazotosha nafasi zake. Anayezibuni asipoyajua mazingira ya watumiaji, atabuni ulimwengu unaofanana na wa kwake. Nne, karakana huonyesha kile kinachoonekana, lakini haionyeshi kinachoeleweka. Kama muuguzi wa bonde la Ruzizi analielewa tangazo la kosa, hilo hujulikana kwa kumpa alisome na kumuuliza linamtaka afanye nini.

7.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba kuunda na kukagua vijenzi kimoja kimoja ni kuvitoa katika programu, kuviorodheshea hali zao zote, na kuzionyesha hali hizo bila seva wala data za watu halisi. Imeonyeshwa pia kwamba utengaji huo ni msaada kwa mhandisi, lakini kwa mfasiri huwa msaada pale tu hadithi inapombebea muktadha: nomino ambayo sifa inaipatanisha, tendo ambalo kitufe kinalifanya, mji ambao saa inautaja.

Idara za Kiswahili kwa muda mrefu zimeombwa na watengenezaji wa programu kutoa istilahi, nazo zimezitoa. Mjadala huu unaelekeza kwenye ombi la upande wa pili: idara zinapoletewa orodha ya maneno, zidai hadithi zake. Wanafunzi wanaweza kupewa kazi ya kutunga seti ya hadithi za kukagulia Kiswahili, zenye ngeli mbalimbali, idadi zinazobadilika kwa ngeli, majina ya sehemu tatu, desimali za mkato, na maumbo ya pande zote mbili za ziwa. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa gharama. Inahitaji ujuzi wa sarufi na wa watu wanaoitumia. Faida yake itapimwa siku ambayo mwandishi wa takwimu kando ya Ziwa Tanganyika ataandika sifuri, na anayeisoma mbali naye akajua kwa yakini kwamba siku hiyo hakuna aliyeugua.